Epulu inastahili njia ya miguu kando ya mto wake

Anayetoka Bunia kwenda Kisangani kwa Barabara ya Taifa namba 4 hupita Komanda, kisha Mambasa, na baada ya kilomita kama 70 za msitu hukuta daraja. Mto unaopita chini yake ni Epulu, na kijiji kimechukua jina la mto. Kwa kawaida lori husimama hapo kidogo tu. Dereva anapiga magurudumu teke, abiria wanashuka kunyoosha viungo, kina mama wananunua mikungu ya makemba, kisha safari inaendelea kuelekea Nia-Nia. Wengi wetu tunaosema tunaijua Epulu tumeiona hivyo, tukiwa juu ya mizigo, na hatukuwahi kuuacha ule ukingo wa barabara tukafuata maji hata kwa mwendo wa robo saa.

Ni hasara yetu kubwa. Ituri ina vilima vya Djugu na Mahagi, ina Ziwa Albert, lakini kwa mtu anayetaka kutembea bila kuumia au kuendesha baiskeli bila kutokwa pumzi, sijui mahali panapoushinda ukingo wa Epulu. Kimo chake ni kama mita 750 juu ya usawa wa bahari na ardhi yake haina milima. Magenge marefu ya mawe kama yale ya Naivasha, Kenya, hayapo. Mto umejipasulia njia katika miamba migumu ya kale, na karibu na kituo cha Hifadhi ya Okapi unavunjika juu ya mawe hayo na kuwa maporomoko yanayosikika kabla hayajaonekana. Maji yake ni ya rangi ya chai kwa sababu ya majani yanayooza msituni, na yanapopiga mwamba hutoa povu jeupe linaloteremka na mkondo vipande vipande. UNESCO ilipoiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, maporomoko ya Ituri na Epulu yalitajwa miongoni mwa uzuri wake.

Kwa hiyo naandika kutetea jambo dogo. Epulu ipewe njia ya miguu na baiskeli kando ya mto, fupi, tambarare, yenye kutunzwa, ambayo bibi wa miaka sabini ataimaliza bila kushikwa mkono, na ambayo mlemavu anayeendesha ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kukanyagwa kwa mikono, tunayoiona kila siku katika miji yetu, ataipita bila kuomba kubebwa. Barabara ya kupita Epulu tumejengewa. Njia ya kukaa Epulu hatujajengewa.

Msitu wenyewe unairahisisha kazi. Sehemu kubwa ya Ituri imetawaliwa na mti mmoja, mbau, unaopanda mita 30 na zaidi na kufunga anga kwa majani yake. Mbegu zake ni nzito mno kwenda mbali, huanguka karibu na mama yao, na ndiyo maana mbau huota mbau mwenzake kwa eneo kubwa bila kuchanganyika sana na miti mingine. Chini yake ni kivuli, na kwa sababu ya kivuli hicho vichaka ni vichache. Mtu anatembea wima, anaona mbele, hahitaji panga kila hatua. Anayedhani msitu wa Kongo ni ukuta wa miba kutoka mwanzo hadi mwisho ameuona kutoka barabarani tu, pale jua lilipoingia na magugu yakajaa. Ndani hali ni nyingine.

Na okapi wenyewe ni wanyama wa njia. Hutembea peke yao, masikio yakigeuka huku na huku, wakipita mapito yaleyale siku nenda rudi na kuyatia alama kwa tezi zilizo kati ya kwato zao. Wambuti, wawindaji wa msitu huu, walijua mapito hayo zamani kuliko mzungu yeyote. Sayansi ya Ulaya ilimpa okapi jina lake rasmi mwaka 1901 tu, baada ya Mwingereza Harry Johnston kupata habari na vipande vya ngozi kwa watu wa msitu huu. Mwaka 1952 utawala wa Wabelgiji ulipoanzisha kituo cha kukamata okapi hapo Epulu, elimu iliyotumika ilikuwa hiyohiyo ya Wambuti. Shimo lilichimbwa katikati ya pito, likafunikwa kwa vijiti na majani, na mnyama akatumbukia bila kuumia. Okapi wengi walioonwa na watoto wa Ulaya na Marekani katika bustani za wanyama walianzia katika mashimo ya namna hiyo, kwenye mapito ya msitu huu.

Watoto wa Ituri je? Okapi wanamwona kwenye noti ya faranga 1,000. Wanamsikia kila asubuhi kwa jina la redio, Redio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2002. Wanamwona kwenye nembo ya ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi, ubavuni mwa gari linalopita kwa kasi. Msitu anamoishi, hawajaukanyaga. Jambo hili linaniuma kweli, maana Epulu imekuwa ikipokea wageni tangu miaka ya 1930. Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi yake ukingoni mwa mto huu, yenye vyumba vya wageni na zahanati, akaishi hapo mpaka kifo chake mwaka 1953. Mkewe, mchoraji Anne Eisner, aliishi humo akichora maisha ya kijiji na ya kambi za Wambuti. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alifika kwa mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi tena, na kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu Wambuti wa Epulu kimesomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Baadaye walikuja watafiti wa miti waliopima na kuweka namba kila shina katika vitalu vya Lenda na Edoro. Wote hao walitembea kando ya mto huu kwa raha zao, wakaandika, wakafaidika. Mwalimu wa shule ya msingi ya Mambasa, kilomita 70 tu kutoka hapo, hana mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake akiwa na uhakika wa njia na wa kurudi.

Kuhusu baiskeli, hakuna mtu wa kutufundisha. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, malori yaliposhindwa na matope ya barabara hii, ni baiskeli zilizolisha miji. Chumvi, sabuni na vitambaa vilitoka Beni na Butembo kwenda magharibi. Mafuta ya mawese yalikuja mashariki. Mamia ya kilomita, yote kwa kusukuma.

Itazame baiskeli ya kazi hiyo. Ni ile nyeusi nzito ya kawaida, lakini imepita kwa mchomeleaji kwanza: nondo imeongezwa kwenye uma wa mbele na chini ya karia. Pedeli zimetolewa, maana hakuna atakayepanda na zingemgonga miguu. Upande wa kushoto wa usukani umefungwa mti mrefu kwa mpira wa tairi la zamani, ili mwenye baiskeli aiongoze akiwa amejitenga na mzigo. Mti mwingine umesimamishwa nyuma ya tandiko, huo ni wa kusukumia. Bidoni za njano zinaning'inia pande zote mbili mpaka karibu ziguse ardhi. Kwenye mwinuko mwanaume analala mbele kabisa, kifua kikikaribia mzigo. Kwenye mteremko hofu ni kubwa zaidi, kwani breki hazitoshi na kinachobaki ni soli ya ndala inayobanwa kwenye tairi. Watu waliofanya kazi hiyo wanajua kila jiwe la barabara. Wengi bado ni wazima, ni wazee wa makamo sasa. Nikipewa nafasi ya kuchagua nani aelekeze mahali pa kupitisha njia ya baiskeli, nitawaita hao kabla ya kumwita mhandisi, nao wataniambia mambo ambayo ramani haina.

Mojawapo ni mbao za madaraja madogo. Kando ya Epulu kuna vijito vingi vinavyoingia mtoni, na kila kimoja kinahitaji daraja. Mafundi wengi hulaza magogo kwa urefu, kufuata mwelekeo wa safari, kwa sababu ndivyo madaraja ya magari yanavyojengwa. Gurudumu la baiskeli likiingia kwenye ufa kati ya magogo mawili, mtu anaruka mtoni. Mbao za juu zilazwe kwa upana, zipigwe misumari karibukaribu. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtu wa magurudumu matatu atavuka au atarudi.

Jingine ni maji ya mvua. Epulu hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na miezi mikavu ya kuaminika ni Desemba mpaka Februari. Njia iliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi inageuka mfereji katika msimu mmoja. Njia ya msituni inatakiwa iinuliwe kidogo, iinamie upande wa mto, na kila hatua kadhaa iwekwe kizuizi cha mawe au gogo la kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Tena isikumbatie ukingo. Mto huu hupanda, na hupanda hata kama mvua imenyesha mbali bila tone kuanguka Epulu.

Hapo Kenya ina somo ambalo limelipiwa kwa uhai wa watu. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ilianzishwa mwaka 1984, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Afrika Mashariki ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Baiskeli hukodishwa karibu na lango, njia kuu ni tambarare, familia huenda na watoto. Mwisho wa safari ni korongo la Ol Njorowa, lenye kuta nyembamba za mwamba zilizochongwa na maji. Kwa siku nyingi za mwaka unatembea chini kwenye mchanga mkavu. Mwaka 2012, na tena Septemba 2019, mvua ilinyesha juu, maji yakaja kwa ghafla, na watu waliokuwa wanatembea humo kwa furaha wakasombwa. Baada ya msiba wa 2019 korongo lilifungwa. Njia kuwa rahisi kwa mguu haina maana kwamba ni salama, na anayeisimamia lazima awe na mtu wa kutazama mawingu ya juu, mwenye mamlaka ya kusema leo hapana.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Karura, ndani ya Nairobi. Karura ilikuwa msitu ulioogopwa. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa akijaribu kupanda mti humo kupinga unyakuzi wa ardhi, na kwa miaka mingi baadaye mwanamke mwenye akili zake hakuingia humo peke yake. Leo siku ya Jumapili utakuta wakimbiaji, watoto wa baiskeli, wazee wenye fimbo, wote kwenye njia za udongo zinazofuata mto mpaka kwenye maporomoko na mapango. Kilichobadilika ni kwamba jumuiya ya wananchi iliungana na idara ya misitu, uzio ukajengwa, walinzi wakawekwa, na vijana wa vitongoji vya jirani, ambavyo watu walizoea kuvilaumu kwa kila wizi, wakapewa ajira ndani ya msitu. Kiingilio kilikuwa kidogo na kilirudishwa msituni. Kwa maoni yangu hili la vijana ndilo lililofanya kazi kuliko uzio.

Epulu haina vibaka wa Nairobi. Ina mambo mazito zaidi, na sitayapaka rangi. Tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo wa Mai-Mai Simba waliokuwa chini ya mtu aliyejulikana kama Morgan walishambulia kituo, wakaua watu wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakachoma majengo, na wakawapiga risasi okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo. Hao 14 walikuwa ndio okapi ambao mgeni wa kawaida angeweza kuwaona kwa macho yake. Baada ya hapo mabanda yalibaki bila mnyama. Kisha vikaja vikundi vingine, na wauaji wa kundi la waasi la ADF wakaingia maeneo ya Mambasa na Irumu. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021. Julai 2025 waumini waliuawa kwa makumi huko Komanda, kanisani, kwenye barabara hiihii ya kwenda Epulu. Kwa hiyo simwambii msomaji wa Bunia apakie watoto kwenye gari wikendi hii. Asiende mpaka barabara iwe imetulia kweli, na atakayetangaza kwamba imetulia awe mtu anayeipita yeye mwenyewe.

Kuna watakaouliza kwa nini basi kuzungumzia njia ya matembezi wakati watu wanazika wapendwa wao. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba Epulu haikuhamishwa. Watu wake wapo, wanalima, wanavua samaki, wanafua nguo mtoni, watoto wanakwenda shule. Walinzi wanafanya doria. Mradi wa Kuhifadhi Okapi, ulioanza mwaka 1987, haukufunga milango baada ya 2012. Ulijenga upya na kuendelea na shule, miche na mashamba ya wanakijiji. Njia ninayoisema kwanza ni ya hao walioko. Mama anayebeba maji, mgonjwa anayepelekwa zahanati kwa baiskeli, mtoto anayekwenda darasani bila kutembea kando ya malori. Mgeni kutoka Bunia atakuja juu ya kitu ambacho tayari kinatumika, na asipokuja mwaka huu hakuna kitakachoharibika.

Barabara kubwa imetufundisha kinyume chake. Ilipotengenezwa upya katika miaka ya 2000, wengi tulifurahi, na tulikuwa na sababu: bei ya chumvi ilishuka, mgonjwa akafika hospitali. Lakini pamoja na chumvi walikuja wachana mbao, wachimba dhahabu, wanunuzi wa nyama ya msitu, na watu wanaotafuta ardhi, wakaingia katika hifadhi ya karibu kilomita za mraba 13,700 yenye walinzi wachache. UNESCO imeiweka hifadhi katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997 na bado haijaitoa. Mbele ya nguvu hiyo, njia ya upana wa mita moja na nusu haibebi gogo la mti wala haipitishi lori. Inapitisha watu wanaokwenda polepole, na watu wanaokwenda polepole huona mtego mpya na moshi usio wa kawaida, wakasema.

Wa kuiongoza njia hiyo ni Wambuti, na hapa nataka tuwe makini. Wageni wamelipishwa pesa kuwatazama Wambuti wakicheza kwa muda mrefu sana, na pesa nyingi zimeishia mikononi mwa wengine. Sheria ya Julai 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu wa asili wa msituni imewapa haki ambazo zamani zilitegemea huruma ya jirani. Basi kazi ya mwongozaji iwe na mkataba na mshahara wa faranga taslimu, si chumvi na sigara. Na mgeni aende kujifunza kutoka kwao kazi ya kusoma msitu, ambayo ni elimu kamili: jinsi jani la mangongo linavyochanwa katikati ya shina na kupachikwa juu ya jingine mpaka kibanda kisivuje, mahali mboloko, yule paa mdogo wa msituni, alipolala usiku, panapojulikana kwa majani yaliyolala upande mmoja, msafara wa siafu unaovuka njia, ambao huruki bila kuangalia wapi unaishia. Wabila, wenyeji wakulima wa hapo, nao wana sehemu yao, kwa kuwa mashamba na vyumba vya kulala ni vyao.

Gharama si ya kutisha. Wakantonie wa barabara, wale wenye koleo na panga ambao hulipwa kwa kipande, wanaijua kazi ya mifereji tayari. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya wanakijiji, inaweza kufungua kipande cha kwanza kutoka darajani mpaka kwenye maporomoko, bila kukata mti wowote mkubwa. Njia izunguke mizizi, na pale isipowezekana mizizi ifunikwe kwa udongo mwekundu ulioshindiliwa. Mbao za madaraja zinaweza kutoka kwenye shehena zinazokamatwa na walinzi kwa uchanaji haramu, badala ya kuachwa zioze uani. Baiskeli chache za kukodisha, nyingine za magurudumu matatu, na fundi mmoja kijijini mwenye pampu na gundi.

Kitu kimoja kifanyike kabla ya vyote hivyo. Wakuu wa kijiji, Wambuti wa kambi za karibu, walinzi wa ICCN na kina mama wanaotumia mto wakae pamoja wakubaliane ni wapi njia isipite. Kuna sehemu za kuoga wanawake, kuna makaburi, kuna mahali ambapo Wambuti hawataki mgeni afike wakati wa shughuli zao za usiku, kuna vichaka ambamo okapi huficha watoto wao. Ramani ya sehemu hizo ichorwe na wenyewe na iheshimiwe hata na mfadhili mwenye pesa nyingi. Kitakachobaki ndicho kipimwe kwa kamba, kianze kufyekwa Desemba mvua zikipungua, na kikabidhiwe kwa kamati ya kijiji yenye daftari la mapato linalosomwa hadharani kila mwezi.